Kukinga udongo kwenye shamba la mlimani: anza na jirani wa chini

Mwaka wa kwanza nilipochimba makinga maji kwenye shamba langu, nilimfukia jirani yangu maharage. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wengi wanaonijia kuuliza habari za matuta huanza na jembe: nichimbe kina gani, nipande majani gani, nianze mwezi gani. Yote nitayajibu. Ila jibu la kwanza ni yule mwenye shamba chini yako, kwa kuwa maji yako yakikutoroka yatalala kwake.

Mimi ni mzaliwa wa Manyovu, kule mpakani na Burundi, nimeolewa Heru Juu, Kasulu, milima aliyokaa mtawala wetu wa jadi, Mwami Theresa Ntare. Shamba ninalolima aliniachia marehemu mume wangu. Ni eka mbili na kidogo, zimelala kwenye mteremko kama shuka iliyoanikwa. Juu kuna migomba na miche michache ya kahawa, katikati mahindi na maharage, chini muhogo. Mtu wa tambarare akilitazama huuliza tunasimamaje. Tunasimama, mguu mmoja juu na mwingine chini, na jioni kiuno ndicho kinachojua.

Oktoba mvua za kwanza zikidondoka, mito yetu hushuka na maji mekundu kama mawese. Wekundu ule ni mashamba ya watu yanayosafiri. Yanaingia Ruchugi, Ruchugi inayapeleka Malagarasi, na Malagarasi inayamimina Ziwa Tanganyika. Nilipoolewa, muhogo wa shamba hili ulikuwa mnene kama paja la mtoto. Miaka kumi na mitano baadaye ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na katikati ya mteremko mawe yalianza kuchomoza. Mawe hayakuwa yameota, udongo ndio ulikuwa umeondoka.

Kosa langu

Sikuwa na kipimo. Nilikadiria kwa macho, nikachimba mtaro mmoja tu, tena chini ya shamba, kwa sababu huko udongo ulikuwa laini. Mambo matatu, na yote matatu yalikuwa makosa. Machi ikanyesha mvua ya usiku kucha. Maji ya eka mbili nzima yakakusanyika kwenye ule mtaro mmoja, yakatafuta mahali palipoinama, na pale palipoinama, ambapo jicho langu lilipaona pako sawa, yakapasua.

Asubuhi nilimkuta jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, amesimama kwenye maharage yake ya njano. Yalikuwa yameanza kutoa maua. Nusu ya kiwanja ilikuwa tope jekundu, na juu ya tope kulikuwa na vipande vya migomba yangu. Hakunifokea. Aliinama, akavuta mche mmoja kutoka kwenye tope, akaupangusa majani kwa kidole gumba, akanipa mkononi. Nilikwenda nyumbani nikarudi na kuku na debe la mbegu, lakini mbegu ya Machi kwetu haiiti tena mavuno. Msimu ule familia ile ilinunua maharage sokoni.

Aliyenifundisha kipimo

Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi, kambi ya Nyarugusu ilileta wafanyakazi wa kila taifa. Mmoja wao, dada kutoka Ufilipino, alipanga chumba kwa mdogo wangu Kasulu mjini. Jumapili moja walipanda huku kututembelea. Yule dada alisimama ukingoni mwa shamba langu akanyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani amepata kizunguzungu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mama, hapa ni kwetu."

Kumbe ni Mwibaloi. Waibaloi ni watu wa mkoa wa Benguet, kusini mwa milima ya Cordillera, kisiwa cha Luzon. Huko kuna mlima Pulag, unaopita mita 2,900, na watu wake wamelima miteremko tangu enzi za mababu: mpunga kwenye ngazi zilizoshikiliwa na kuta za mawe, viazi vitamu na magimbi, na siku hizi kabichi, karoti na viazi mviringo vinavyoshushwa kwa malori kwenda mijini. Alipoona magimbi yangu pale kwenye chemchemi alicheka kwa furaha, akaniuliza kwetu tunayapikaje. Tuliyachemsha jioni ile tukala na dagaa.

Yeye ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna bwana shamba aliyewahi kuniuliza: "Wa chini anajua kwamba unachimba?" Kwao, alisema, maji ya ngazi moja ndiyo yanayonywesha ngazi inayofuata, kwa hiyo huwezi kuligusa jiwe lako bila kuligusa la mwenzako.

Hatua ya kwanza: nenda kwa jirani

Nenda asubuhi, kabla hajatoka. Usianze na habari ya mtaro. Salimia kwa utaratibu wetu, "Mwakeye", umeinama kidogo, ukipiga makofi polepole, uulize watoto, uulize mbuzi, ukae. Akishakuletea kigoda, ndipo useme: "Baba, nataka kukinga maji shambani kwangu, nimekuja tuangalie pamoja yatakayozidi yapite wapi."

Sema hivyo hivyo, *yatakayozidi*. Usimwahidi kwamba hakuna maji yatakayoshuka, maana mvua kubwa huja na mtaro hujaa. Mnachotakiwa kukubaliana ni njia ya maji ya ziada. Iwe bonde dogo la asili ambalo tayari linachukua maji, na lipandwe majani kuanzia juu hadi chini. Isiwe njia ya watu. Nimeona njia ya kwenda kisimani ikigeuka korongo ndani ya misimu miwili, sasa watoto wanavuka kwa gogo.

Nenda pia kwa jirani wa juu. Yeye ndiye chanzo cha nusu ya maji unayopigana nayo. Akikubali kuchimba, na achimbe kwanza. Akikataa, usigombane naye, ila chimba mtaro wa kukatiza maji mpakani mwa juu, ulioinama kidogo sana kuelekea lile bonde la majani, ili maji yake yasiingie kwako kabisa.

Na ukikutana na mzee ambaye akisikia neno matuta uso unakunjamana, msikilize. Enzi za ukoloni, sehemu nyingi za nchi hii, watu walilazimishwa kuchimba matuta chini ya usimamizi na adhabu. Uluguru mwaka 1955 hasira zilifika mahali pakatokea ghasia. Na watu wale hawakuwa wavivu. Kwenye udongo mwembamba, kukata ngazi kwa pupa kuliitoa nje ardhi isiyo na rutuba na kuifukia ile nzuri, wakavuna kidogo kuliko zamani. Ndiyo sababu nakuomba usome kwa makini ninapofika kwenye udongo mweusi na mwekundu.

Kipimo cha fito tatu

Hiki ndicho kilichokuwa kimenikosa. Gharama yake ni kamba na jiwe.

Kata fito mbili zilizonyooka, kila moja mita mbili. Mikaratusi michanga inafaa. Zifunge pamoja kileleni kwa mpira wa baiskeli, ukaze sana, kisha tanua miguu yake mpaka iachane karibu mita mbili. Fito ya tatu ifunge ikatize katikati, kimo cha kiuno. Sasa una umbo kama paa la nyumba lenye boriti. Kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe la ukubwa wa ngumi, kamba ipite mbele ya ile boriti na jiwe lining'inie chini yake kidogo.

Kipimo hakijui lolote mpaka ukifundishe. Kigomelee mambo mbili, yaani vigingi, ardhini, mahali popote, hata kama hapako sawa, na usimamishe miguu juu ya mambo hizo. Kamba ikitulia, weka alama ya mkaa kwenye boriti pale inapogusa. Kisha geuza: mguu wa kulia uende ulipokuwa wa kushoto, na wa kushoto uende wa kulia. Kamba itagusa mahali pengine. Weka alama ya pili. Katikati kabisa ya alama hizi mbili chora mkato kwa kisu. Mkato huo ndio kweli yako. Kila kamba itakapolala juu yake, miguu miwili iko kimo kimoja, hata kama jicho lako linaapa kwamba haiko.

Yule dada alinifanyisha zoezi hili mara tatu nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza alama zangu zilitofautiana vidole vinne. Nikakumbuka maharage ya jirani.

Ukishakuwa na kipimo, panda hadi juu ya shamba. Gomelea mambo ya kwanza mpakani, simamisha mguu mmoja hapo, na mguu wa pili uusogeze juu na chini ya mteremko mpaka kamba ilale kwenye mkato. Gomelea mambo. Sasa mguu huo ndio unaobaki, ule wa kwanza unazunguka na kwenda mbele. Unatembea hivyo kama mtu mwenye magongo, mpaka ufike mpaka wa pili. Fanya kazi hii asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa mlimani huchezesha kamba ukadanganyika.

Mambo zote zikishasimama, rudi nyuma hatua ishirini uzitazame. Utaona mstari unapindapinda kufuata tumbo la mlima, na ndivyo unavyotakiwa. Mambo moja moja iliyotoka nje ya mwendo wa wenzake isogeze nusu hatua, hakuna ubaya. Usizinyooshe zote ziwe kama uzi wa fundi. Mstari ulionyooka kwenye mlima ulioviringika ni njia ya maji.

Mstari unaofuata uwe wapi? Simama chini kidogo ya ule wa kwanza, ugeukie mlima, utazame mbele bila kuinua wala kuinamisha uso. Sogea chini polepole mpaka macho yako yagote sawasawa na zile mambo za juu. Hapo miguu yako ilipo ndipo mstari wa pili. Ni kimo cha mtu mmoja, kama mita moja na nusu ya kushuka. Kwenye mteremko mkali mistari itakaribiana, kwenye mteremko wa pole itaachana. Na ukiona inakaribiana mpaka kati yake hapatoshi migomba miwili, sehemu hiyo usiilime kabisa. Panda miti, uchume kuni.

Kuchimba

Chimba baada ya kuvuna maharage, mwishoni mwa Mei hadi Juni, udongo ukiwa bado na unyevu kidogo. Ukisubiri Agosti utahitaji sururu kila hatua na utavunja mipini. Anza mtaro wa juu, ushuke. Mvua ikikukuta hujamaliza, ile ya juu itakuwa inailinda ya chini.

Mtaro uwe upana wa dhiraa moja na kiganja, kina vilevile, karibu sentimita sitini. Udongo mweusi wa juu utoe kwanza, urushe mbali, ndani ya shamba upande wa juu. Ukifika kwenye mwekundu, huo ndio uutengenezee tuta, palepale juu ya mtaro. Wenzetu wa Machakos, Kenya, waliipa kazi hii jina la *fanya juu*, na jina limesambaa hadi vitabu vya wageni. Kati ya tuta na mtaro acha nafasi ya unyayo mmoja, ili udongo usirudi ndani. Ndani ya mtaro, kila hatua kumi, acha kizuizi ambacho hukukichimba hadi mwisho, kiwe chini kidogo ya ukingo. Maji yatalala kwenye vyumba vyumba badala ya kukimbia yote upande mmoja.

Mvua za miaka mitatu, minne, zitasukuma udongo kutoka juu ulale nyuma ya tuta. Wewe kazi yako ni kuliinua tuta kidogo kila kiangazi kwa udongo uliotuama mtaroni. Taratibu ardhi inajilaza yenyewe, ngazi inatokea bila kuupasua mlima kwa siku moja. Wamatengo wa Mbinga wana njia yao nyingine, mashimo ya ngoro, nayo inawafaa sana. Huku kwetu sijaona anayeyachimba.

Kazi hii si ya mtu mmoja. Mtaro wa hatua hamsini ulinichukua siku tisa nilipokuwa peke yangu, na ulituchukua asubuhi mbili tulipokuwa watu kumi na wanne. Ukialika ujima, tangaza siku kumi kabla, usiiweke siku ya gulio, na ujue kwamba kukitokea msiba kijijini hakuna atakayeshika jembe, wewe pia usishike. Mambo ziwe zimeshagomelewa kabla watu hawajafika. Watu kumi na wanne wakisubiri kipimo watakaa kivulini, na akishakaa mtu ni vigumu kumwinua. Pika ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na kama mfuko unaruhusu, migebuka ya kukausha. Pombe ya ndizi itoke kazi ikishakwisha. Na andika kwenye daftari aliyekuja, maana deni la ujima ni siku, halilipwi kwa fedha. Mimi bado nadaiwa asubuhi mbili upande wa Nyumbigwa na sijasahau.

Nilimweleza yule dada akasema kwao nao wana mkusanyiko wa kazi wa namna hiyo, unaitwa *aduyon*, na chakula ni cha mwenye shamba vilevile. Tofauti ni kwamba wao wakipata sherehe kubwa, nguruwe hawahesabiki, na pombe yao ni ya mchele.

Ukuta wa mawe

Sehemu yenye mawe mengi, usiyabebe kuyatupa mtoni kama nilivyofanya mimi miaka yote. Jenga ukuta badala ya tuta. Hili sikulijua kabisa, na ndilo ninaloliona zuri kuliko yote shambani kwangu.

Chimba msingi wa kiganja kimoja na nusu kwenye udongo mgumu, chini yake pawe pameinama kidogo kuelekea mlimani. Mawe makubwa kuliko yote yalale hapo. Kila jiwe likalie mawili, na kila mawili yakaliwe na moja, pasiwe na ufa unaopanda wima. Ukuta usisimame wima, uegemee mlima kama mtu mzima anavyoegemeza mgongo kwenye mgomba. Kila baada ya hatua mbili tafuta jiwe refu, ulilaze likiwa limeingia ndani ya mlima, mwisho wake tu uonekane nje. Hilo linaushika ukuta usitoke nje.

Nyuma ya ukuta nilitaka kujaza tope, ukae imara. Yule dada alinishika mkono. Akachukua vikokoto na vipande vya mawe, akavijaza nyuma kwa upana wa mkono, ndipo udongo ukafuata. Alimwaga ndoo ya maji juu. Tukachutama tukitazama. Kwa muda hakukuonekana kitu, kisha kwenye viungo vya mawe vikaanza kutokea vitone, kimoja kimoja, maji meupe bila tope. Alisema ukuta unaozuia maji hubomolewa na maji, kwa sababu yakijaa nyuma yake uzito wake ni wa ng'ombe wengi. Huu unayaacha yapite na kubaki na udongo. Kimo kisizidi kiuno. Ukitaka zaidi, jenga wa pili hatua chache juu yake. Mtoto asipande juu yake mwaka wa kwanza, na mbuzi ndio kabisa.

Alinisimulia pia habari ya bwawa la Ambuklao huko kwao, kwenye mto Agno. Lilianza kutoa umeme mwaka 1956, na maji yake yalifunika mashamba ya Waibaloi. Baadaye udongo wa milima uliliingia, zaidi baada ya tetemeko kubwa la Julai 1990, hadi mwaka 1999 mitambo ikazimwa kwa tope. Imekuja kufufuliwa 2011. Alilisimulia akipanga mawe, hakuinua uso.

Nini kipandwe wapi

Juu ya tuta panda mabingobingo mvua za kwanza zikishika, mistari miwili, vipande vyenye pingili tatu, mbili ziwe ardhini. Mizizi inashika tuta na majani wanakula mbuzi. Yakate kila yanapofika kimo cha kifua, usiyaache yakavutia mahindi kivuli. Ndani ya mtaro panda migomba, kila chumba mgomba mmoja na samadi ndoo mbili. Migomba yangu ya mtaroni imeishinda ile ya juu. Ukanda ulio chini tu ya mtaro ndio maskini, kwa sababu hapo udongo huondoka na kusukumwa chini. Hapo peleka mboji na samadi nyingi, upande maharage, usipande mahindi mpaka mwaka wa tatu. Nyuma ya tuta, ambako udongo unatuama, weka mahindi.

Matuta ya viazi vitamu yavute kukatiza mteremko. Najua ni rahisi kuyavuta kutoka juu kwenda chini, mgongo haupindi sana, na wengi huku ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu. Lakini kila mfereji kati ya matuta hayo ni bomba.

Nyumba na shamba vikiwa mbali

Mama mkwe wangu alikuwa binti wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, iliyoanza mkoa wa Kigoma mwaka 1972. Kabla ya hapo kila nyumba ilikaa ndani ya shamba lake. Baada ya hapo wakawekwa pamoja kando ya barabara na shamba likabaki mwendo wa saa nzima. Alikuwa akisema usiku wa mvua alijua mtaro umepasuka lakini hangeweza kufika. Wengi wetu bado tuko hivyo. Kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla ya Oktoba: vizuizi visafishwe, tuta liinuliwe, mdomo wa bonde la majani uwe wazi. Na asubuhi baada ya mvua kubwa, kabla ya uji, nenda. Tundu la panya kwenye tuta linazibwa kwa jembe moja leo, wiki ijayo linahitaji ujima.

Karatasi

Hakuna anayejenga ukuta wa mawe kwenye shamba atakalonyang'anywa. Mume wangu alipofariki, ndugu mmoja upande wake alikuja na kamba ya kupimia kabla ya arobaini. Alipoona mitaro alisema shamba limependeza, na hapo nikaelewa hatari niliyo nayo.

Yule dada alinipa kisa cha Mateo Cariño, Mwibaloi wa Baguio. Wamarekani walipoitawala Ufilipino walilichukua shamba lake wakitaka kambi ya jeshi, wakasema hana hati. Babu yake aliishi pale na kuweka uzio wa ng'ombe, baba yake alilima sehemu na kuchunga sehemu. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na Februari 1909 jaji Oliver Wendell Holmes akatoa uamuzi kwamba ardhi iliyoshikwa na watu tangu kumbukumbu zao zinapoishia ihesabiwe haikuwahi kuwa ya serikali. Waibaloi wanaukumbuka uamuzi ule hadi leo.

Huku kwetu tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na karatasi unayoitafuta inaitwa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Uliza kwanza kwa mtendaji kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji. Jaza fomu ya maombi, ipelekwe halmashauri ya kijiji. Siku ya kuhakiki mipaka ni siku kubwa: majirani wote wa pande nne wasimame shambani nawe, na hapo ndipo utaona faida ya zile salamu za asubuhi. Onyesha vitu vya kale: mti uliopandwa na babu, makaburi, mawe ya mpaka. Hati husainiwa na mwenyekiti, mtendaji na wewe, kisha husajiliwa wilayani. Sheria inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, kwa hiyo jina lako liandikwe. Wewe mwenye mume, yaandikwe majina mawili, na mliandikishe sasa, wote wawili mkiwa hai.

Siku yangu ya kuhakiki, aliyesimama mpaka wa chini alikuwa mzee wa maharage. Mtendaji akamuuliza kama anaufahamu mpaka huu. Akaelekeza fimbo kwenye mabingobingo yangu, akasema, "Hapo majani yanapoishia. Tangu ayapande, sijapata tope lake."

Kipimo changu kipo ukutani jikoni, fito zimebadilishwa mara mbili, jiwe ni lile lile. Anayekihitaji aje akichukue, akirudishe kabla ya mwisho wa Mei.